Mwali Aliyetaka Kuwa Mwepesi

Naikumbuka kama jana, mwanangu, siku niliyoamua kuwa mwepesi.

Nilikuwa mwali. Nilikuwa nimekaa ndani tangu mavuno ya mwaka uliotangulia, katika kijiji chetu kule juu ya Matombo, na zilibaki siku kumi na nne tu nitolewe nje kwa ngoma. Moyo wangu ulikuwa unaruka kama ufuta kwenye chungu cha moto. Mtu akipita nje, nilidhani amekuja kufyeka uwanja. Ngoma ikianikwa juani na kupigwa mara mbili tatu ili isikilizwe sauti, mimi nilikuwa nimeshasimama, mikono hewani, nacheza peke yangu gizani.

Wewe umezaliwa wakati mwingine, kwa hiyo nikueleze kidogo. Wakati ule serikali ilikuwa ya Mjerumani. Reli ilikuwa bado inakuja. Leo tunasikia imefika Ngerengere, kesho tunasikia imekaribia Kingolwira. Lakini sisi wa milimani tuliendelea na mambo yetu. Msichana akifikia umri wake aliwekwa ndani. Hakushika jembe, hakuona jua. Alisuka ukili, alifundwa, na alilishwa. Alilishwa sana, mwanangu, kwa sababu mwali akitoka amekonda, watu husema ukoo wake hauna chakula, au una chakula lakini hauna mapenzi. Na siku ya kutolewa, mjomba wake, kaka wa mama yake, alimpandisha begani mbele ya watu wote akamzungusha uwanjani. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Lile bega la mjomba ndilo lililowaambia watu: huyu ni wetu.

Mjomba wangu aliitwa Kobelo. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Alikuwa mchukuzi. Alibeba makasha ya ulanga, yale mawe yanayong'aa na kuchanika kama karatasi, kutoka machimboni milimani hadi Morogoro. Masika ya mwaka mmoja aliteleza kwenye mteremko na kasha likamwangukia begani. Tangu siku hiyo nilimwona akijifunga shuka kwa mkono mmoja, akisaidia kwa meno. Hakulalamika hata mara moja, na mtu asiyelalamika ndiye anayetutia wasiwasi sisi wenye wasiwasi.

Basi asubuhi ile mtani wetu Kibiki alipita uani akamkuta mama anapepeta mahindi. Nilikuwa nimeweka sikio ukutani, kama kawaida yangu.

"Habari za tembo wako?" akauliza Kibiki.

"Tembo gani?" Mama alijua vizuri ni tembo gani.

"Huyo mnayemnenepesha humo ndani. Naona ukuta umeanza kupasuka. Mimi nimekuja kumpimia Kobelo kaburi kabisa. Huyo akimkalia begani, Kobelo atazama ardhini mpaka kiunoni."

"Pima la kwako kwanza," mama akamjibu. "Na ulichimbe mara mbili. Moja la mwili, moja la mdomo, maana havitaenea pamoja."

Wakacheka wote wawili, na mama akampa mahindi ya kuchoma. Mimi sikucheka.

Unajua utani ulivyo. Mtani anaweza kukuambia umekufa siku ya harusi yako, na wewe ukamkaribisha chakula. Ni haki yake. Hata mtoto wa miaka mitano alilijua hilo. Lakini mimi, nakiri bila kujitetea, nilikuwa mtu wa kutaka kila kitu kinyooke. Nilikuwa nafumua ukili mzima kwa ajili ya unyuzi mmoja uliokaa upande. Hata kuandika huku ninakokuandikia nilijifunza mwenyewe baadaye, kwa kunakili herufi zilizochorwa kwenye mbao za yale makasha ya ulanga, na nilikuwa nafuta herufi moja mara kumi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia neno la mzaha, analilaza na kuliamsha mpaka linakuwa kweli.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mwaka uliotangulia, kabla sijawekwa ndani, kwenye kilima cha ng'ambo, mjomba mmoja aliishiwa nguvu magotini na mwali wake akaangukia katikati ya ngoma. Hakuumia. Lakini wanawake waliutungia mkasa ule wimbo, na wimbo ulishuka milima upesi kuliko maji. Yule bwana akawa hapiti sokoni. Mimi mwenyewe niliuimba ule wimbo, tena kwa sauti. Sasa nikawa namwona Mjomba Kobelo katika kila ubeti.

Nikaamua. Mjomba hataanguka. Nitakuwa mwepesi kama unyoya.

Siku ya kwanza nilikula nusu ya chakula. Siku ya pili nikajihesabia matonge matano, asubuhi na jioni, hakuna la sita hata likilia. Kilichobaki nilikisukuma nje kwenye tundu la ukuta wa nyuma, mahali udongo ulipodondoka. Maji nayo niliyapunguza. Nilikuwa nimebeba mitungi ya maji kutoka chemchemi tangu utotoni na nilijua vizuri kwamba hakuna kitu kizito kama maji. Basi nilikunywa kiganja kimoja tu, na kingine nikizidi kujihurumia. Kila siku iliyopita nilipiga fundo kwenye kamba ya mgomba niliyoificha chini ya mkeka.

Mwanangu, siku tatu za mwanzo nilifurahi ajabu. Nilijiona mjanja kuliko wanawake wote wa kijiji. Nilikaa palepale juu ya mkeka na kuwaza jinsi Mjomba atakavyoniinua kwa kidole, jinsi watu watakavyosema, Kobelo ana nguvu za simba. Njaa ilikuwa inanikwaruza lakini niliikaribisha kama mgeni. Njia ya mwongo ni fupi, wasemavyo wazee, na yangu ilifika mwisho alfajiri ya siku ya nne.

Hapa nitasema jambo ambalo watu hulizunguka. Mimi ni mzee sasa, sina muda wa kuzunguka.

Mwali alikuwa haendi haja peke yake. Kila alfajiri, kabla jua halijatoka, somo wake, yaani mwanamke anayemlea na kumfunda, alimfunika shuka gubigubi akamshika mkono mpaka kichakani nyuma ya migomba. Somo wangu aliitwa Bi Semeni, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili. Alikuwa anajivunia tumbo langu. "Tumbo la mwali wangu ni kengele ya misheni," alikuwa akiwaambia wenzake. "Halikosei wakati."

Alfajiri ile kengele haikulia. Nilichuchumaa, nikangoja. Nikasikia ndege wa kwanza, nikasikia wa pili.

"Tayari?" Bi Semeni akauliza kutoka upande wa pili wa mgomba.

"Tayari, somo," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Siku ya tano nikasema tena, tayari, somo. Siku ya sita nikajifunza kuhesabu mpaka thelathini kabla ya kuinuka, ili uongo ufanane na kweli. Nilitaka hata uongo wangu unyooke. Siku ya saba nilikuwa nimekaa na tumbo lililokaza kama ngozi ya ngoma, na bado nilikuwa nakula yale matonge matano tu. Hilo ndilo lililonishangaza. Nilijua mtu anayekula sana hushiba. Sikujua mtu asiyekula anaweza kujisikia amejaa.

Woga ukaingia. Nilikuwa nimewasikia wanawake wakisema kwamba mtu anaweza kufungwa tumbo na adui kwa kupiga fundo kwenye kamba na kuificha. Nikakaa na wazo hilo mchana mzima nikitafuta ni nani adui yangu, mpaka nikakumbuka kamba yangu ya mgomba chini ya mkeka, na mafundo saba niliyoyapiga kwa mikono yangu. Nikaivuta nikaanza kufungua, fundo la kwanza, la pili, mpaka la mwisho. Nikangoja. Haikutokea kitu, isipokuwa sasa sikujua tena ni siku ya ngapi.

Nione nilivyokuwa, mwanangu. Nikisema, wanawake wataambiana kuwa mwali anaumwa, na mwali mgonjwa hatolewi. Ningerudishwa kusubiri mpaka mavuno mengine, mwaka mzima gizani, wakati mahindi ya pombe yalikuwa yameshalowekwa na ndugu zetu wa kule Mgeta walikuwa wameshatumiwa habari. Nisiposema, nitatoka na tumbo hili, begani kwa Mjomba. Nikila, nitakuwa mzito na ataanguka. Nilijizungusha humo kama kuku aliyefungwa mguu.

Ndipo nikatazama kibuyu kilichowekwa pembeni. Kilikuwa na mafuta ya mbarika, yale ya nyonyo, ya kunipaka mwili siku ya kutolewa, yaliyotengwa kwa mwezi mzima. Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba yakinywewa hufungua tumbo. Kiasi gani, sikujua. Nilijiambia, kwa kuwa mimi nataka jambo limalizike vizuri, nitakunywa yote.

Kibuyu kilikuwa kimefika mdomoni mlango ulipofunguliwa. Bi Semeni aliingia, mchana kweupe, na kwapani amebana kuku.

"Shikamoo, somo," nikasema, kibuyu kikiwa bado mkononi.

"Marahaba. Weka hicho chini, umshike huyu." Akanitua kuku mapajani. "Mzito?"

"Mzito, somo."

"Wiki iliyopita alikuwa jani. Siku hizi nikimwaga pumba hageuki hata kuniangalia. Leo nimemfuata. Nimemkuta yeye na wenzake watano wamekaa chini ya tundu lako wanangoja kama wageni walioalikwa." Akachuchumaa mbele yangu akanitazama usoni. "Sasa niambie. Mwali ni nani hapa, ni wewe au ni yeye?"

Nikaangua kilio, na yote yakatoka pamoja: matonge matano, kiganja cha maji, kuhesabu mpaka thelathini, mafundo. Kuku akaruka akakimbilia kona.

"Mafundo gani tena?" Bi Semeni akauliza. Nilipomweleza alifunika uso kwa shuka, na mabega yakawa yanamtetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Kisha aliacha kucheka, akanilaza, akaniminya tumbo kwa vidole, taratibu, upande huu na ule.

"Umetapika?"

"Hapana."

"Umeona damu?"

"Hapana, somo."

"Hapa panakuchoma? Na hapa?"

"Panakaza tu."

"Basi hujarogwa wala hufi. Kaa." Akakaa naye. "Mwanangu, umekula kiganja, unataka utoe kapu? Kitatoka wapi? Tumbo halitoi kisichoingia. Likipewa kidogo, linachelewa kujaa, na lisipojaa halina cha kusukuma. Mtu aliyepunguza chakula siku zake za kwenda haja hubadilika, ndivyo ilivyo, hata kwa wanaume machimboni posho inapokwisha. Hilo peke yake si ugonjwa. Wewe umefanya baya zaidi, umelinyima na maji. Umelima mahindi ya kiangazi?"

"Nimelima."

"Mfereji wa kutoka mtoni ukiwa na maji mengi, majani yanafanyaje?"

"Yanakwenda na maji."

"Na ukifungua maji kidogo?"

Nikaona picha yake palepale. Maji yakiwa kidogo majani hukaa chini ya mfereji, yakakauka, yakashikana, na mtu hulazimika kwenda kuyazoa kwa mkono. Nilifanya kazi ile kila kiangazi. Sikuwahi kufikiri kuwa nina mfereji ndani yangu.

"Tena umekaa juu ya mkeka mwaka mzima kama kiazi," akaongeza. "Mfereji wenyewe umelala."

"Ndiyo maana nikataka mbarika, somo."

"Ungekunywa kibuyu kile chote ungetolewa leo hii, bila ngoma, tena mbio, na usingerudi salama." Akakivuta kibuyu upande wake. "Mlango uliokwama huusukumi kwa gogo, unalainisha bawaba zake. Sasa nieleze ni nani aliyekuambia uache kula."

Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Nikamwambia kuhusu bega la Mjomba, na kaburi la Kibiki, na wimbo wa kilima cha ng'ambo. Bi Semeni hakucheka safari hii. Akainuka, akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hili siliwezi mimi. Atalijibu mwenyewe."

"Somo, nakuomba, usimwambie Mjomba."

"Nitamwambia Kobelo sasa hivi, na wewe utaongea naye."

Mwanamume haingii kwa mwali. Kwa hiyo Mjomba alisimama nje, nyuma ya ukuta, karibu na lile tundu nililolishia kuku. Niliona kipande cha shuka lake tu na vidole vya mguu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Sikufuata shikamoo, nimefuata jibu. Ni kweli unawapa kuku chakula chako kwa sababu mimi ni mlemavu?"

"Sikusema mlemavu, Mjomba."

"Hukusema kwa mdomo. Umesema kwa ugali." Akakohoa. Nilikijua kile kikohozi chake, alikuwa ameumia. "Mtu anakaa na njaa kwa ajili yangu siku saba ndani ya nyumba ya dada yangu, na mimi niko nje napita napiga mluzi. Unajua ningejisikiaje ungezimia? Wangeimba wimbo gani hapo?"

"Tena unajua kila asubuhi naenda wapi?" akauliza.

"Kuoga mtoni."

"Kuoga gani mwezi mzima? Nampandisha Kibiki begani, natoka naye mtoni mpaka kwenye migomba ya juu. Kibiki huyo huyo. Anakaa huko juu ananitukana njia nzima, na bado namfikisha. Juzi tumekwenda mara mbili bila kupumzika. Ndiyo maana alikuja kukutania, ametoka kushuka begani kwangu. Sasa mimi nimejiandaa kubeba mwali, nitaletewa ngozi ya mwali?"

"Lakini bega, Mjomba. Bega lililoumia."

"Lipi?"

"Lile la kasha."

"Hilo ni la kulia." Akagonga ukuta kidogo. "Kwani Mungu alinipa moja?"

Mwanangu, nilibaki nimeshika tama. Mabega mawili. Mtu nimemwona tangu nazaliwa, ana mabega mawili, na mimi nimekaa gizani siku saba nikihesabu matonge kwa ajili ya moja. Bi Semeni alikuwa amekaa mlangoni na mara hii hakujifunika uso kuficha kicheko.

"Sikia," Mjomba akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe umeuona wangu ni jabali, na nia yako ilikuwa njema, nimeiona. Lakini mzigo wangu usinipunguzie bila kuniuliza. Niulize. Kuuliza si ujinga. Ningekuonyesha bega. Haya, kula."

Akaondoka, na kweli nilimsikia akipiga mluzi.

Nilitaka kula sufuria zima siku ile ile, maana mimi nikigeuka hugeuka kwa nguvu zote. Bi Semeni alikataa. Asubuhi alinipa maji ya uvuguvugu kabla ya kitu chochote, kisha uji mwepesi. Mchana mboga za majani na maharage, jioni ndizi na kipande cha papai lililoiva, na maji tena, kidogo kidogo, siku nzima. Na akanisimamisha. Nikazunguka ile nguzo ya katikati ya nyumba huku yeye amekaa anapiga makofi na kuimba nyimbo za uwanjani, na kwa kuwa nyimbo zilikuwa tamu nilizunguka nikicheza, jasho linanitoka, nikasahau kuogopa.

Alfajiri iliyofuata hakukuwa na kitu. Nikakataa kuinuka.

"Haba na haba," akasema Bi Semeni kutoka nyuma ya mgomba. "Umefunga mfereji siku saba, unataka ufunguke kwa uji wa bakuli moja? Twende nyumbani."

Ya pili, hakuna. Lakini nilimwambia ukweli, "Bado, somo," na hilo peke yake lilinipunguzia uzito. Alfajiri ya tatu tumbo lilinguruma njiani hata kabla hatujafika kwenye migomba. Sitakueleza zaidi. Nilipojifunga shuka na kusema, "Tayari, somo," sauti yangu ilikuwa tofauti kabisa, na Bi Semeni, ambaye hajawahi kufanya jambo polepole, akapiga vigelegele vilivyogonga kilima cha ng'ambo vikarudi.

Kijiji kikaamka. Mama akatoka ameshika mwiko. Mtu mmoja akaanza kupiga ngoma, kwa kuwa kigelegele kikilia wakati wa mwali hakuna anayeuliza mara mbili. Nami nimesimama kichakani nimefunikwa gubigubi, nimekufa kwa aibu na nimejaa furaha. Nikasikia sauti ya Kibiki ikija kutoka njia ya mtoni.

"Nini? Mwali ametoka?"

"Mwali bado," Bi Semeni akamjibu. "Kilichotoka ni kingine."

Mpaka jua linachomoza kilima chote kilikuwa kinajua. Na sikufa. Hilo lilinifundisha kitu: aibu niliyoikimbia kwa siku zote zile ilichukua asubuhi moja tu kupita, na iliacha watu wengi wakicheka pamoja nami.

Siku ya kutolewa ilifika palepale ilipopangwa. Nilikuwa nimekula vizuri na kung'aa mbarika, mahali pake pa haki, juu ya ngozi. Nilivishwa shanga, nikafungwa shuka jipya, na mlango ukafunguliwa. Mwanga ulinipiga nikafumba macho. Ngoma zilikuwa zinakwenda mbio, vumbi limesimama uwanjani, ndugu wa Mgeta wanaimba upande huu na watani upande ule. Mjomba Kobelo alipiga goti moja, nikakalishwa begani, la kushoto, akainuka.

Tulizunguka mara ya kwanza. Watu walikuwa wanapiga makofi chini yangu na mimi niliona mbali kuliko nilivyowahi kuona, mashamba ya mahindi mpaka bondeni, na mlima nyuma yake na ukungu. Lakini tulipofika mahali uwanja unapopanda nilisikia bega likitetemeka. Woga wangu wote ukarudi. Nikazuia pumzi, nikakaza mwili mzima, nikajikunja nijifanye mdogo. Mjomba akayumba. Watani wakapiga kelele. Kibiki alikuwa mbele yetu anarudi kinyumenyume, ametandaza mikono kama mtu anayengoja embe lidondoke, na niliona usoni kwake kwamba kweli yupo tayari kulidaka.

"Pumua, mwanangu," Mjomba akasema chinichini. "Unapojifanya mwepesi ndipo unapoyumba. Kaa kwa uzito wako."

Nikapumua. Nikaacha mwili ukae. Nikauhisi uzito wangu wote ukishuka juu ya bega lake na bega likiupokea, likatulia, na mguu wake ukapata ardhi. Akapanda ule mwinuko. Akazunguka mara ya pili, na ya tatu, na kufika ya tatu alikuwa anacheza, na mimi huko juu nacheza, na mama analia huku amemshika Bi Semeni mkono.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na naitoa kwa maneno mepesi ili usije ukaifumua. Ukipunguza chakula, kwa kufunga au kwa shida au kwa sababu nyingine, tumbo lako litabadili siku zake za haja. Usitaharuki, wala usilibomoe kwa dawa kali usizozijua kipimo. Kunywa maji, kula majani na nafaka na matunda, inuka utembee, ulipatie muda. Lakini likiuma mpaka ukakaza meno, ukitapika, ukiona damu, au siku zikizidi bila nafuu, usihesabu mpaka thelathini ukasema tayari. Mwambie mtu mwenye ujuzi siku hiyo hiyo. Mwili hauna aibu. Aibu tunaivalisha sisi.

Na kubwa kuliko hilo: usijinyime kwa siri ili kumsaidia mtu ambaye hujamuuliza. Mapenzi yasiyouliza yanaweza kumdhalilisha unayempenda, na wewe yakakukausha. Nenda ukamuulize bega lake likoje. Na wakikubeba wanaokupenda, kaa kwa uzito wako.

Mungu akupe chakula cha kutosha na tumbo la kukipokea. Akupe somo mwenye macho, mtani mwenye mdomo, na ukoo usiochoka kukuinua. Ukalale umeshiba, uamke mwepesi, na njia zako zote, za ndani na za nje, ziwe wazi. Amina.